Pumba za Mpunga na Mafuta Tunayoyanunua Ng'ambo

Nchi ivunayo mpunga kwa mamilioni ya tani, ambayo wali ndio heshima ya sikukuu zake na shibe ya siku zake za kawaida, kisha ikawa kila mwaka yapeleka fedha za kigeni Malaysia na Indonesia kununua mafuta ya kukaangia kitunguu cha wali huo huo, haina budi, kabla ya kulalamikia bei za soko la dunia, kujiuliza kama imekwisha kufaidi yote ambayo Mwenyezi Mungu ameyatia ndani ya punje yake. Mimi naamini Tanzania haijayafaidi. Mafuta yamo katika pumba za mpunga, nayo ni mafuta mazuri ya kupikia, yanayotumika kwa heshima katika majiko ya Japani, India na Thailand. Sisi pumba hizo twazimwaga, twazichoma, ama twawapa kuku pamoja na mafuta yake yote, na kila habari hii inapozungumzwa hukimbilia wengi kudai kiwanda kikubwa cha kukamulia. Madhumuni ya makala haya ni kuonyesha kwamba kiwanda ni jambo la pili. La kwanza liko kwenye mashine ya kukobolea, katika saa chache baada ya pumba kutoka, na nchi isiyozitawala saa hizo haitapata mafuta ya kula hata ikijengewa viwanda kumi.

Tuanze na punje yenyewe. Nje kabisa liko ganda gumu la manjano, lenye kukwaruza mkono, ambalo halina chakula ndani yake na aghalabu huishia katika tanuri za matofali. Chini ya ganda hilo uko utando mwembamba wa kahawia ulioufunika wanga, na penye ncha moja ya punje kimo kiini kidogo cha uhai, ambacho ndicho kingalichipua lau punje ingalipandwa. Mashine inapoukwangua utando huo pamoja na kiini chake ili mchele uwe mweupe, ule unga laini unaomwagika pembeni ndio pumba ninazozisema. Katika kilo 100 za mpunga, kilo 20 hivi ni maganda, kilo 8 hadi 10 ni pumba, na zilizosalia ni mchele na chenga. Ndani ya pumba hizo, zikiwa safi na bila kuchanganyika na maganda, mafuta huwa baina ya asilimia 15 na 20 ya uzito wote, kiasi ambacho hakiko mbali na kile cha mbegu za pamba au cha soya, mazao ambayo dunia nzima yayakamua bila kusita.

Kwamba neema kubwa ya punje imo katika utando wake si habari ya leo. Katika miaka ya 1890, huko Java, tabibu wa Kiholanzi Christiaan Eijkman aliwaona kuku waliolishwa mchele mweupe wakipooza miguu mfano wa wagonjwa wa beriberi, kisha akawaona wakipona walipopewa mchele ambao utando wake haukuondolewa; utafiti ule ulikuwa miongoni mwa milango iliyoingiza elimu ya vitamini duniani, na mwaka 1929 akatunukiwa Tuzo ya Nobel. Wajapani nao, mwaka 1954, walitenga katika mafuta ya pumba kiungo kilichoitwa orizanoli, ambacho huyakinga mafuta yasiharibike upesi kwa hewa na moto, na ambacho tangu hapo kimewashughulisha sana wataalamu wa chakula. Basi tunapoitupa pumba, tunaitupa sehemu ya punje ambayo wenye elimu wamekuwa wakiichunguza kwa zaidi ya miaka mia moja.

Wala desturi ya kutoa mafuta katika mbegu na kuyatumia makapi yake haikuja kwetu jana. Msafiri Ibn Battuta, alipofika Mogadishu mwaka 1331, aliandika kwamba chakula cha watu wa mji ule ni wali uliopikwa kwa samli. Kwa hiyo ujuzi wa kuuoanisha mchele na mafuta una umri mkubwa katika pwani hii. Unguja na Lamu ufuta ulikamuliwa katika vinu vilivyozungushwa na ngamia, mafuta yakaenda jikoni na dukani, na mashudu yakarudi kwa mnyama. Nazi ilikunwa, ikakamuliwa tui, likapikwa hata likatoa mafuta, na chicha ikawa riziki ya kuku. Wazee wetu hawakukubali kitu chenye mafuta kipite mikononi mwao bila ya kutoa haki yake, na ikiwa pumba za mpunga waliziacha, sababu yake ni moja tu: kinu cha mti na mchi havina uwezo wa kuyatoa mafuta yaliyojificha katika unga, na ungo, kwa ustadi wote wa mwenye kupeta, hauwezi kushindana na kasi ya kuharibika kwake. Uwezo huo sasa upo, na udhuru wa wazee wetu sisi hatunao.

Hapo ndipo penye siri ya jambo zima, nami naomba msomaji anifuate kwa subira. Simama mchana mmoja kando ya mashine ya kukoboa mpunga, Ubaruku katika wilaya ya Mbarali, au Ifakara, au Kahama, wakati wa mavuno. Pumba zinapotoka huwa vuguvugu, laini, zenye harufu tamu ya nafaka mpya. Ukizifinya hushikamana, na ukifungua kiganja utaona ung'avu wa mafuta umebaki katika mistari ya mkono. Zimwage katika gunia, ulishone, uliweke ghalani palipo na joto na unyevu, na kesho kutwa ulifungue: utakuta katikati ya gunia pana moto kuliko pembeni, harufu ile tamu imekwisha kugeuka kali yenye kukaribia ile ya sabuni, na chembe chache ukiziweka ulimini zitakuachia uchungu usiotoka upesi. Kuku bado watazila. Lakini kwa habari ya mafuta ya binadamu, gunia lile limekwisha kuharibika, na hakuna fundi wala kiwanda kitakacholirudisha hali yake ya jana bila hasara.

Sababu yake ni kwamba katika punje iliyo nzima mafuta na kimeng'enya chenye kuyavunja hukaa mahali mbalimbali, kila kimoja katika tabaka lake, na maadamu punje haijaguswa havikutani; ndiyo maana mpunga hukaa ghalani miezi mingi bila kunuka. Mashine inapoukwangua utando huvisaga vyote viwili na kuvichanganya, na tangu dakika ile kimeng'enya huanza kazi ya kuyapasua mafuta kuwa asidi. Katika hali ya joto na unyevu, asidi hiyo huongezeka kwa asilimia 5 hadi 7 kila siku ipitayo. Mwenye kiwanda hupenda kupokea pumba zenye asidi isiyozidi asilimia 5, na ikivuka asilimia 10 huhesabiwa kuwa hazifai tena kwa mafuta ya chakula, kwa kuwa kila sehemu ya asidi inaposafishwa huondoka na sehemu ya mafuta mazuri, na mwisho wake mwenye kiwanda hujikuta anatengeneza sabuni. Maana yake ni kwamba mkulima, mwenye mashine na mwenye kiwanda wana siku moja tu, au pungufu ya hiyo, ya kuiokoa mali hii.

Dawa ya maradhi hayo yajulikana, nayo ni moto. Pumba zikipashwa joto la kutosha mara zinapotoka mashineni, kimeng'enya hufa na mafuta hutulia. Njia iliyozoeleka ni kuzipitisha katika mashine yenye skrubu nene, inayozibana kwa nguvu na kuzipandisha joto hadi nyuzi 125 au 135 za sentigredi kwa muda mfupi, zikatoka upande wa pili zikiwa vipande vidogo vikavu, ambavyo hukaa majuma kadhaa bila kuharibika na hubebeka kwa lori hadi penye kiwanda. Katika sehemu nyingi za India na Bangladesh bahati nyingine imewasaidia: huko mpunga mwingi huchemshwa kabla ya kukobolewa, kwa ajili ya mapishi yao, na mvuke ule ule unaouimarisha mchele hukiua kimeng'enya bila mtu kukusudia. Sisi hatuli sana mchele wa namna hiyo, kwa hiyo hatuna msaada huo. Sharti tuupashe moto unga wenyewe.

Kiko na kikwazo cha pili, kilicho kikongwe zaidi. Mashine za zamani za chuma, ambazo zingali zikinguruma katika vijiji vingi, hukoboa na kung'arisha kwa mpigo mmoja, zikayavunjavunja maganda na kuyachanganya na pumba hata visiweze kutenganishwa. Hesabu yake ni nyepesi: kilo 8 za pumba zikitiwa ndani ya kilo 20 za maganda, mafuta yaliyokuwa asilimia 17 hushuka hadi kama asilimia 5 ya mchanganyiko mzima, na hakuna mfanyabiashara mwenye akili timamu atakayelipa nauli ya lori kubebea maganda. Mashine zinazofaa ni zile zinazolivua ganda kwanza kwa roli za mpira, zikalipeperusha kando, kisha zikaupeleka mchele wa kahawia penye kung'arishwa, ili maganda yatoke mlango wake na pumba mlango wake. Mashine za namna hii zimekwisha kuenea katika miji ya mpunga, kwa sababu huvunja chenga chache na mchele wake hupata bei. Kwa hiyo mabadiliko haya soko lenyewe limeyaanza, na serikali yatakiwa kuyasukuma tu.

Pumba zilizotulizwa zikifika kiwandani, kazi inayobaki ni ya kitaalamu wala si ya kubahatisha. Alizeti hukamuliwa kwa mashine ndogo na mafuta yakatoka kwa wingi, kama wanavyofanya watu wa Singida na Dodoma kila msimu; pumba, kwa kuwa ni unga na mafuta yake ni machache, zikikamuliwa hivyo hubaki na sehemu kubwa ya mafuta ndani ya mashudu. Kwa sababu hiyo viwanda vya mafuta haya hutumia kimiminika kiitwacho heksani, kinachoyayeyusha mafuta na kuyatoa katika pumba, kisha huvukizwa, hukusanywa na kurejeshwa kazini. Heksani huwaka upesi mno, na mvuke wake ukitapakaa mahali penye cheche huweza kuangamiza jengo zima pamoja na waliomo, kwa hiyo kazi hii haifai kuigwa uani na mtu mwenye pipa na bomba. Hata kwa sababu hii peke yake, mpango wenye hekima ni kuwa na vituo vingi vidogo vya kupasha pumba moto, karibu na wakulima, na viwanda vichache vikubwa, vyenye wahandisi na vizima moto, vya kutolea mafuta.

Mafuta yanapotoka huko huwa meusi yenye kuelekea kijani, mazito, yamejaa ulenda, nta na asidi. Huondolewa ulenda, hupoozwa ili nta igande na kuchujwa, nta ambayo nayo ni bidhaa ya kupakia matunda na kung'arishia vitu. Kisha huondolewa asidi, rangi na harufu hata yakawa ya manjano mepesi. Hapa mnunuzi astahili kujua jambo ambalo tangazo la chupa halimwambii. Asidi ikiondolewa kwa magadi makali, sehemu kubwa ya orizanoli hutoka pamoja na sabuni, na chupa inayosifiwa kwa kiungo hicho huwa karibu haina kitu. Ikiondolewa kwa mvuke na ombwe, kiungo hicho hubaki kwa wingi. Njia ya mvuke lakini hukubali tu mafuta ambayo asidi yake ni ndogo na ulenda wake umetolewa vyema, na kwa njia hiyo twarudi tena pale pale: ubora wa chupa iliyo dukani huamuliwa siku mpunga ulipokobolewa.

Jikoni, mafuta haya hayana makuu. Harufu yake ni hafifu, hayaishindi bizari wala iliki, na hayageuzi ladha ya samaki. Huvumilia moto mkali: huanza kutoa moshi penye nyuzi kama 230, ilhali mwenye kukaanga bajia, sambusa, mihogo au maandazi hahitaji zaidi ya nyuzi 170 hadi 190. Mpishi wa Kijapani hukaangia tempura na vitafunio vya mchele kwa mafuta haya, na hata chakula cha watoto wa shule huko hupikwa nayo. Kwa mama anayekaanga maandazi barabarani alfajiri, ambaye karai lake hukaa motoni tangu kabla ya adhana hadi watoto waingie darasani, mafuta yasiyoharibika upesi ni tofauti baina ya faida na hasara, na vilevile ni tofauti katika afya ya wateja wake. Sisemi yachukue mahali pa tui katika wali wa nazi, wala mahali pa samli katika pilau ya harusi. Kila chakula kina mafuta yake. Nasema yafaa yawepo kwenye rafu, kwa bei ya haki, kwa kazi ya kila siku ya kukaanga.

Kuhusu afya yafaa kusema kweli bila kutia chumvi. Zaidi kidogo ya theluthi moja ya mafuta haya, hadi kukaribia nusu, ni mafuta ya jamii iliyomo katika zeituni. Kama theluthi nyingine ni ya jamii ambayo mwili hauwezi kuitengeneza wenyewe. Na kama sehemu moja katika tano ni mafuta mazito yanayoganda, ilhali katika mawese mafuta hayo mazito hukaribia nusu. Tafiti kadhaa zimeonyesha kwamba kuyatumia badala ya mafuta mazito hupunguza kwa kiasi kolesteroli mbaya katika damu. Ni jambo la kushukuriwa, lakini halimfanyi mtu ale kwa israfu. Gramu moja ya mafuta yoyote ina nguvu ya kalori 9, na mwenye kutangaza mafuta ya pumba kuwa tiba ya moyo au ya kisukari anamdanganya mgonjwa. Biashara ikianza kwa uongo wa namna hiyo, siku uongo utakapofichuka itaanguka yote pamoja na kweli iliyokuwa ndani yake.

Tena mafuta haya haya yana historia yenye msiba, na sipendi tuingie katika kazi hii bila kuijua. Mwaka 1968, upande wa kaskazini wa kisiwa cha Kyushu huko Japani, mafuta ya pumba ya kiwanda kimoja yaliingiwa na kemikali za jamii ya PCB, zilizokuwa zikizungushwa katika mabomba ya kuyapashia moto wakati wa kuyaondoa harufu. Mabomba yalivuja, mafuta yakauzwa, na watu kwa maelfu wakaugua, wakatokwa na vipele vyeusi, macho yakawauma, na baadhi ya watoto wakazaliwa na ngozi iliyosawijika. Mwaka 1979 msiba wa namna hiyo hiyo ukaipata Taiwan, ukawadhuru watu wapatao 2,000. Kosa halikuwa la pumba wala la mafuta. Lilikuwa la mabomba na la usimamizi. Kwa hiyo Shirika la Viwango Tanzania lisingoje chupa zifike sokoni ndipo lianze kujiuliza la kufanya. Kipimo cha kimataifa cha mafuta ya mimea chini ya Codex kimekwisha kuyaorodhesha mafuta ya pumba. Kazi yetu ni kukifuata, kukagua mitambo kabla haijawashwa, na kuhakikisha kwamba hakuna sumu inayopita karibu na chakula cha watu.

Sasa tuje kwenye hesabu, maana jambo la uchumi lisilo na hesabu ni maneno matupu. Tanzania huvuna zaidi ya tani milioni 3 za mpunga kwa mwaka. Tuchukue milioni 3 hizo, na tuchukue kiwango cha chini cha pumba, yaani asilimia 8: tani 240,000. Tuseme, kwa kuwa mashine nyingine zimetawanyika vijijini na nyingine ni za zamani, tutaweza kukusanya nusu tu zikiwa safi na zimepashwa moto kwa wakati: tani 120,000. Tukitoa humo mafuta kwa asilimia 15, twapata tani 18,000, yaani takribani lita milioni 20 kwa mwaka. Pengo la mafuta ya kula nchini huhesabiwa kwa mamia ya maelfu ya tani, na zaidi ya nusu ya mahitaji yetu imekuwa ikitoka nje; pumba hazitaliziba pengo hilo, na atakayesema zitaliziba hajui hesabu. Lakini lita milioni 20 bila ya kulima shamba jipya hata moja, bila ya kukata mti hata mmoja, bila ya kumnyang'anya mkulima wa alizeti soko lake, ni lita ambazo taifa lenye busara haliziachi zioze katika magunia.

Wenye kudhani kwamba mawese ya ng'ambo yatapatikana siku zote wakumbuke mwaka 2022. Vita vya Ukraine vilivyoanza mwezi wa Februari viliyatikisa masoko ya mafuta ya alizeti, na mwishoni mwa Aprili Indonesia, msafirishaji mkuu wa mawese duniani, ikazuia kuyauza nje hadi karibu mwisho wa Mei. Amri iliyotolewa Jakarta kwa ajili ya kuwatuliza wananchi wa Jakarta ilihisika katika makarai ya Tandika na Kariakoo, na hatukuwa na la kusema, kwa sababu mwenye mali ana haki ya kuanza na watu wake. Serikali imefanya vyema kuhimiza michikichi Kigoma na alizeti mikoa ya kati. Michikichi lakini hungoja miaka kabla ya kuzaa, na alizeti hutegemea mvua. Pumba zipo tayari kila msimu mpunga unapokobolewa.

Yuko atakayeuliza: kuku wetu watakula nini? Swali hili ni la haki, na haliwezi kujibiwa kwa kejeli, kwa maana wafugaji wa kuku, nguruwe na samaki hutegemea pumba, na wengi wao ni wanawake wenye mabanda madogo nyuma ya nyumba. Jawabu ni kwamba kutoa mafuta hakuondoi chakula cha mifugo. Katika kila tani ya pumba iingiayo kiwandani, zaidi ya kilo 800 hutoka zikiwa makapi makavu yasiyo na mafuta, ambayo protini yake kwa uzito imeongezeka kwa sababu mafuta yameondoka, na ambayo hayachachi wala hayanuki upesi. Nguvu yake ya kutia mwili joto hupungua, na mfugaji atapaswa kuongeza mahindi au mashudu kidogo ili kuifidia. Kwa hiyo makapi hayo yauzwe kwa bei inayozingatia upungufu huo, na yarudishwe katika wilaya zile zile zilizotoa pumba badala ya kusafirishwa yote nje kwa anayelipa zaidi. Sharti hili liandikwe katika leseni ya kiwanda tangu siku ya kwanza.

Swali lililo zito kuliko hilo ni la mwenye mali. Mara nyingi mkulima hupeleka mpunga wake mashineni, akalipa ijara ya kukobolewa, akaondoka na mchele, na pumba zikabaki kwa mwenye mashine kana kwamba hazina thamani. Maadamu hazina soko kubwa, desturi hiyo haimuumizi sana mkulima. Siku zitakapokuwa malighafi ya mafuta, desturi hiyo hiyo itakuwa njia ya kumpokonya sehemu ya mavuno yake bila ya yeye kujua. Haki ni mojawapo ya mambo mawili: ama pumba zipimwe mbele yake na thamani yake ipunguzwe katika ijara, ama alipwe taslimu kwa kilo. Vyama vya ushirika vya wakulima, katika skimu za umwagiliaji za Mbarali na Kilombero, vingeweza kumiliki vituo vya kupashia pumba moto, vikanunua kwa wanachama na kuviuzia viwanda kwa mkataba. Kwa njia hiyo faida itagawanyika kabla haijafika mjini. Ndugu zetu wa Kenya, ambao sehemu kubwa ya mpunga wao hutoka katika skimu moja ya Mwea, wana nafasi bora kuliko sisi katika jambo hili, kwa kuwa mashine zao zimekusanyika mahali pamoja na pumba zao hazina safari ndefu ya kwenda.

Na bei ifuate ubora, si uzito peke yake. Kupima asidi ya pumba ni kazi ya dakika chache kwa kijana aliyefundishwa, mwenye spiriti, dawa ya kuonyesha rangi na magadi yaliyopimwa. Kila kituo kiwe na kipimo hicho mlangoni. Pumba za leo zilipwe bei ya leo, pumba za jana zilipwe pungufu, na zile za juzi ziende moja kwa moja kwenye chakula cha mifugo. Mwenye mashine atakapoona kwamba kuchelewa saa kumi kumemgharimu fedha zinazohesabika, hatahitaji semina ya kumweleza umuhimu wa kuwahi.

Nahitimisha kwa kusema yale ninayoyataka yafanyike, kwa utaratibu wake. Kwanza, mikopo ya viwanda vidogo, na ujuzi wa Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo, vielekezwe kwa wenye mashine wanaotaka kuacha mashine za mpigo mmoja na kufunga zile zinazotenganisha maganda na pumba. Pili, vituo vya kupasha pumba moto vifunguliwe mahali ambapo mashine zimejikusanya kwa wingi, yaani Mbarali, Kilombero na Kahama, na visimamiwe kwa vipimo vya asidi nilivyovitaja. Tatu, haki ya mkulima juu ya pumba zake iandikwe katika kanuni kabla bei haijapanda, kwa sababu baada ya bei kupanda hakuna atakayekubali kuiandika. Nne, viwango na ukaguzi wa mitambo viwe tayari kabla ya mafuta. Baada ya hayo yote, na si kabla, aitwe mwekezaji wa kiwanda. Naye akifika akakuta pumba safi, kavu, zenye asidi ndogo, zinamngoja kwa maelfu ya tani, atajenga kwa fedha zake bila ya kubembelezwa kwa misamaha ya kodi. Lakini tukimwita leo, tukamwonyesha magunia yanayochacha, atafanya mojawapo ya mawili: ataondoka, au atabaki na kutuuzia mawese ya ng'ambo katika chupa yenye picha ya suke la mpunga, na sisi tutakuwa tumelipa kwa ajili ya kiwanda ambacho kazi yake iliharibika kabla ya kuanza.